Neli Iliyoua Sumaku: Uchambuzi wa Kisa cha Wayaringi ya Kinga katika Ford Model T

Usuli

Kisa hiki kinahusu gari aina ya Ford Model T la mwanzoni mwa miaka ya 1920, lililoletwa katika karakana yetu jijini Nairobi ili lifungwe wayaringi mpya. Jina la mwenye gari, namba ya usajili na tarehe za kazi vimeondolewa. Makosa yanayosimuliwa humu ni yetu sisi mafundi, isipokuwa moja lililofanywa na fundi aliyetutangulia miaka mingi kabla.

Msomaji aliyezoea magari ya leo hana budi kwanza kuuelewa umeme wa gari hili. Model T iliundwa kuanzia 1908 hadi 1927, na katika miaka yote hiyo kiini cha umeme wake kilikuwa magneto, yaani kifaa kinachozalisha umeme kwa sumaku, iliyojengwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Sumaku 16 zenye umbo la V huzunguka pamoja na flaiwili mbele ya koili 16 zilizotulia, na umeme unaozalishwa, ambao ni wa mkondo geu, hutoka kupitia terminali moja iliyo juu ya kifuniko cha giaboksi. Kutoka hapo waya mmoja hupanda hadi kwenye ubao unaotenganisha injini na abiria, ukaingia kwenye swichi na sanduku la koili nyingine nne, za kutoa cheche, moja kwa kila silinda. Taima iliyo mbele ya injini ndiyo inayoamua ni koili ipi itoe cheche na kwa wakati gani. Mwaka 1919 Ford ilianza kuyawekea magari haya stata, jenereta na betri ya volti 6, na tangu hapo swichi ikawa na pande mbili: dereva huwasha kwa betri, kisha injini ikishashika kasi huihamishia kwenye magneto.

Mambo mawili katika mpangilio huu ndiyo yaliyozaa kisa chetu. Kwanza, Ford haikuweka fyuzi hata moja, hivyo waya wa moto, yaani wenye umeme, kutoka kwenye betri hupanda hadi ubaoni bila chochote cha kuukata ukipiga shoti. Pili, terminali ya magneto haitakiwi kamwe kuguswa na umeme wa betri, kwa sababu mkondo wa betri ukipita kwenye zile koili 16 huzifanya kuwa sumaku zinazopingana na sumaku za flaiwili, na za flaiwili hupoteza nguvu.

Kuhusu nyaya zenyewe, magari ya enzi hizo yalitumia shaba iliyovishwa mpira uliopikwa kwa salfa, na juu yake msuko wa pamba uliopakwa vanishi. Salfa huila shaba, na ndiyo maana nyuzi zilipakwa bati kabla ya kuvishwa mpira. Fundi akiukata waya wa zamani akaona nyuzi nyeupe asidhani ni aluminiamu. Mpira huo hukauka, hupasuka na hulainishwa na oili, kwa hiyo ulihitaji vazi la pili la kuukinga na mawe, joto na msuguano: ama neli ya pamba iliyofumwa na kulowekwa lami, ama neli ya chuma iliyosokotwa kwa ukanda mwembamba ili iweze kupindika.

Hali tuliyoikuta

Mzee mwenye gari alitaka mambo mawili kwa pamoja. Alitaka gari lionekane kama lilivyotoka kiwandani, kwa kuwa alikusudia kulipeleka kwenye maonesho, na alitaka pia aliendeshe, si kulibeba juu ya lori. Wayaringi tuliyoikuta ilikuwa ya plastiki nyembamba iliyofungwa kwa utepe mweusi, kazi ya fundi ambaye bila shaka alifikiri kwa volti 12. Gari la volti 6 linahitaji mkondo mara mbili kwa kazi ileile ya wati, na waya unaotosha kwenye gari la kisasa huwa mwembamba mno humu.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Taa mbili za mbele za wati 18 kila moja huvuta ampea 6. Kwenye waya wa milimita mraba 1 wenye urefu wa mita 4, volti zinazopotea njiani ni kama 0.41, yaani karibu asilimia 7 ya volti 6, na mwanga wa balbu hupungua kwa kasi kuliko volti, kiasi kwamba takriban sehemu moja ya tano ya mwanga hupotea. Kwa waya wa milimita mraba 2 upotevu hushuka hadi volti 0.21. Tulichagua huo wa pili, ambao wauzaji wa Uingereza huuita 28/0.30, yaani nyuzi 28 zenye kipenyo cha milimita 0.30 kila mmoja. Kwa waya mkuu wa betri tulichukua 44/0.30.

Maamuzi ya usanifu na sababu zake

Mzee alipenda neli ya chuma kila mahali. Alikuwa ameiona kwenye picha za magari ya kifahari ya zama hizo, na ni kweli kwamba inapendeza. Tulimkatalia sehemu mbili.

Ya kwanza ni nyaya za plagi. Umeme wa plagi ni wa maelfu ya volti, na waya wake ukivishwa chuma kilichoungana na chasisi, sehemu ya nguvu ya cheche huishia kwenye chuma hicho badala ya kufika kwenye silinda, huku ganda la waya likiliwa polepole kutoka nje. Tuliziacha wazi, fupi, zikishikwa mbalimbali.

Ya pili ni nyaya nne za taima. Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipojifunza kuheshimu unyenyekevu wa kifaa. Taima ya Model T haitulii mahali pamoja: dereva anaposogeza wenzo wa cheche ulio chini ya usukani, ganda lote la taima huzunguka sehemu ya duara ili cheche iwahi au ichelewe. Nyaya zake husogea nalo kila mara, katika kona iliyojaa oili na mtetemo. Neli ya chuma ingekuwa ngumu mno, na ingeivuta taima irudi nyuma au ingevunja nyaya kwenye shingo ya terminali. Tulitumia neli ya pamba yenye lami, tukaacha mlegeo wa kutosha kwa mwendo wote wa wenzo, kisha tukaisogeza taima kwa mkono mara nyingi huku tukitazama kama kuna waya unaokaza. Mmoja ulikaza. Tuliongeza sentimita 3.

Kwa sehemu zilizobaki tulikubaliana na chuma: neli mbili kwenda kwenye taa za mbele, na moja fupi inayopanda kutoka chini ya sakafu, karibu na swichi ya stata, hadi kwenye bodi ya terminali iliyo ubaoni. Hii ya tatu ndiyo iliyokuja kutuadhiri. Waya wa moto wa betri na waya wa magneto huanzia mahali pasipo mbali sana na zote huishia ubaoni, basi tulizipitisha pamoja ndani ya neli moja. Sababu niliyoiandika kwenye daftari la kazi siku ile ni maneno mawili: «usafi wa macho».

Tulipendekeza pia fyuzi. Mzee alikataa kwa sababu gari halikutoka nayo kiwandani, na waamuzi wa maonesho wangeiona. Hatukumshikilia.

Kutafuta vifaa

Waya wenye msuko wa pamba haupatikani kwa wingi hapa. Upo unaotengenezwa Uingereza na Marekani, wenye plastiki ndani na pamba juu, ukiuzwa kwa mita. Yapo pia mafungu kamili ya wayaringi ya Model T yaliyokwisha kukatwa na kuwekwa terminali, nasi tuliagiza fungu moja kwa kudhani tunaokoa muda. Hilo lilikuwa kosa la kununua kabla ya kupima. Magari mengi ya Ford yaliyouzwa katika makoloni ya Uingereza hayakutoka Detroit bali Kanada, nayo yaliundwa yakiwa na usukani wa kulia. Fungu tuliloletewa lilikatwa kwa ajili ya usukani wa kushoto, na nyaya za honi na za taa zinazoshuka kwenye nguzo ya usukani hazikufika kwenye bodi ya terminali. Kuziunga katikati ndani ya neli hatukukubali, maana kiungo kilichofichwa ni mahali pa kwanza pa kupata moto. Fungu likabaki kabatini, tukaagiza waya wa mita, tukapigilia misumari kwenye ubao wa plaiwudi kufuata vipimo vya gari lenyewe, na tukafuma fungu letu juu yake.

Neli ya chuma ilikuwa na hadithi yake. Madukani kuna neli inayopindika ya mabati kwa ajili ya mitambo ya viwandani, lakini ile ndogo kabisa tuliyoipata ilikuwa nene kuliko inavyostahili gari hili, ikionekana kama nyoka aliyemeza panya. Kwenye maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga tuliambiwa na zaidi ya mtu mmoja tutumie mpira wa bomba la kuogea, ule wenye msokoto wa chuma nje. Wazo si la kijinga. Tulinunua mmoja, tukautoa mpira wa ndani, na umbo lilikaribiana sana na la asili. Ila ukanda wake haukushikana sawasawa, ukivutwa unaachia nafasi, na pale unapoachia ukingo wake ni kama wembe. Mwishowe tuliagiza kutoka nje neli ya chuma yenye kipenyo cha ndani cha milimita 10, pamoja na bushi za kuvalisha ncha zake zisikate nyaya.

Bushi zilikuja nne. Ncha zilikuwa sita. Tulivalisha ncha nne za neli za taa, kwa kuwa ndizo zinazoonekana, na ncha mbili za ile neli fupi tukazizungushia utepe wa pamba tukisubiri bushi nyingine.

Kilichotokea

Gari liliwaka vizuri. Kabla ya kulitoa tulipima umeme wa magneto kwa mita ya mshale, injini ikiwa kwenye mwendo wa taratibu, tukapata volti 7 hivi. Tulifanya jaribio la kilomita 40 hivi kwenye barabara ya changarawe. Wakati wa kurudi injini ilianza kukohoa kila ilipokuwa upande wa magneto, na ikirudishwa upande wa betri inatulia.

Kwa siku mbili tulitafuta pasipohusika. Koili za cheche za Model T zina pointi zinazotetemeka, yaani ncha za chuma zinazogusana na kuachana, na pointi zikiharibika mlio na kukohoa hufanana kabisa na tulivyosikia. Tulizitoa koili zote nne, tukasafisha pointi, tukazirekebisha moja baada ya nyingine. Hali haikubadilika. Tungejiuliza swali moja tu siku ya kwanza tungeokoa siku zote mbili: kama koili ndizo mbovu, mbona zinafanya kazi vizuri kwa betri?

Asubuhi ya siku ya tatu tulikuta betri imeisha. Swichi zote zilikuwa zimezimwa. Tuliichaji, na kijana anayejifunza kazi kwetu akashika taa ya kupimia, upande mmoja ukiwa umebanwa kwenye chasisi, akaanza kufuata waya mkuu. Alipoinama kuitazama bodi ya terminali, ncha ya kipimio iliigusa ile neli fupi ya chuma, na taa ikawaka.

«Fundi,» akasema, «neli ina moto.»

Niliishika kwa mkono wote. Sikuhisi kitu, kwa kuwa volti 6 hazimpigi mtu shoti, na kwa sababu hiyohiyo hakuna aliyegundua kwa siku zote hizo ingawa kila mmoja wetu alikuwa ameigusa. Tulipoifungua tulikuta utepe wa pamba umesagika kwenye ncha ya chini. Ukingo wa neli, uliokatwa kwa msumeno na kupigwa tupa juujuu, ulikuwa umekata ganda la waya wa betri upande mmoja na ganda la waya wa magneto upande wa pili. Shaba mbili hazikugusana. Kila moja iligusa chuma, na chuma kikawa daraja.

Ingekuwa neli hiyo imeungana na chasisi, waya wa betri ungepiga shoti waziwazi, kukatokea moshi, tukaelewa palepale. Lakini ilikuwa imeshikwa kwa vibanio kwenye ubao wa mbao na kwenye mbao za sakafu, haikuwa na ethi, yaani muungano na chasisi, popote. Umeme wa betri ulipata njia moja tu ya kurudi: kupitia neli, kuingia waya wa magneto, kushuka hadi kwenye koili 16, na kutoka kwenye chasisi. Injini ikiwa inazunguka, kila sumaku ya flaiwili ilikuwa ikipita mbele ya koili zinazoivuta na zinazoipinga kwa zamu, kila sehemu ya 1/16 ya mzunguko. Tulipopima tena magneto kwenye mwendo uleule wa taratibu tulipata volti zisizofika 3.

Matokeo

Sumaku za Model T zinaweza kurudishiwa nguvu bila kuifungua injini, na kwa kejeli ya mambo, dawa hupita njia ileile iliyopita sumu. Tuliondoa waya wote kwenye terminali ya magneto, tukaweka dira ya kawaida juu ya kifuniko cha giaboksi karibu na terminali, na kuizungusha injini polepole kwa mkono hadi sindano ya dira ilipoonesha kwamba ncha za sumaku zimekaa sawa mbele ya koili. Kisha tukaunganisha betri nne za volti 12 mfululizo, waya mmoja kwenye chasisi, na kwa waya wa pili tukaigusa terminali mara kadhaa kwa mguso mfupi sana. Upande wa nguzo lazima ulingane na dira. Ukikosea unazimaliza nguvu za sumaku zilizobaki. Baada ya hapo magneto ilitoa volti 8 kwenye mwendo wa taratibu, zaidi kidogo ya mwanzo.

Ile neli fupi tuliitengeneza upya. Waya wa magneto ulitolewa, ukapewa neli yake ya pamba na lami na njia yake upande mwingine wa kifuniko. Waya wa betri ulibaki ndani ya chuma, ukiwa na bushi ncha zote mbili, na neli ikaunganishwa na chasisi kwa waya mfupi uliofichwa nyuma ya kibanio. Chini ya sakafu, kati ya swichi ya stata na waya unaopanda, tuliweka fyuzi ya ampea 30; mkondo wa stata wenyewe haupiti hapo. Safari hii mzee hakubisha, aliuliza tu kama itaonekana. Haionekani bila kung'oa ubao wa sakafu.

Kazi tuliyoikadiria kwa siku 10 ilichukua wiki saba, nyingi zikiwa za kusubiri mizigo. Gharama za kurudishia sumaku na kufunga upya tulizibeba sisi.

Uchambuzi

Uamuzi wa ukubwa wa waya ulikuwa sahihi, na taa za gari hilo ni nzuri kuliko wengi wanavyotarajia kwa volti 6. Uamuzi wa taima nao umesimama: nyaya zile hazijakazwa wala kusagika hadi leo. Kufuma fungu juu ya ubao wa misumari kulituchelewesha siku mbili na kukaturudishia zaidi ya hizo, kwa sababu kila waya ulifika mahali pake bila kuungwa.

Kosa la bushi ni rahisi kulilaumu, na ndilo watu hulitaja kwanza ninapowasimulia kisa hiki. Mimi siliweki mbele. Bushi zingekuwepo tungechelewa tu kuumbuka, kwa kuwa mpangilio wenyewe ulikuwa na ufa: tulichukua nyaya mbili ambazo kukutana kwao ni haramu, tukazifungia katika chumba kimoja chenye kuta zinazopitisha umeme. Neli ya chuma hukinga waya dhidi ya jiwe na moto wa ekzosi, lakini papo hapo huusogezea waya huo chuma kwenye urefu wake wote, mahali ambapo bila neli pangekuwa na hewa tu au mbao kavu. Hatari hiyo inavumilika pale neli inapokuwa na ethi na waya unapokuwa na fyuzi, kwa sababu ganda likichubuka fyuzi hukatika na habari inaishia hapo. Neli isiyo na ethi huficha kosa, na neli yenye ethi bila fyuzi huwasha moto. Sisi tulikuwa na zote mbili katika gari moja bila kujua: neli za taa zilipata ethi kwa bahati, kwa kuwa vibanio vyake ni vya chuma na vimefungwa kwenye chasisi, na ile ya ubaoni haikupata.

Kuhusu fyuzi, hoja ya mzee haikuwa ya kupuuzwa. Uhalisi una thamani yake na yeye ndiye mwenye gari. Tulichokosea ni kumletea swali kana kwamba majibu ni mawili tu, fyuzi inayoonekana au kutokuwa na fyuzi, ilhali fyuzi iliyofichwa chini ya sakafu ilikuwa jibu la tatu ambalo lingekubalika tangu siku ya kwanza.

Siku mbili tulizopoteza kwenye pointi zilitokana na mazoea. Dalili ilikuwa tayari imetenga mfumo kwa ajili yetu: betri nzuri, magneto mbaya, koili zilezile. Mita ya mshale ilikuwa mezani, na kipimo cha volti 7 tulichokichukua kabla ya safari kilikuwa daftarini, kikisubiri kulinganishwa na cha pili ambacho hatukukichukua hadi betri ilipoisha.

Kila gari la aina hii linapopita kwetu sasa, kabla halijaondoka, tunagusisha taa ya kupimia mara mbili kwenye kila kipande cha neli: mara moja kati ya neli na nguzo ya moto ya betri, ambapo taa lazima iwake kuonesha kwamba ethi ipo, na mara moja kati ya neli na chasisi, ambapo haitakiwi kuwaka kabisa.